Salamu kwa Masatu wa Rukuba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Bunda, 18/10/1993, saa 3:20 asubuhi

Jina: Marcelina Magesa
Umri: Miaka 34
Kabila: Mjita
Dini: Mkatoliki
Kazi: Mkulima na muuza samaki
Makazi: Kibara
Hali ya ndoa: (shahidi ameomba aeleze kwanza)

Mimi ni mtajwa hapo juu. Mwaka 1987 nilikuwa naishi kisiwa cha Rukuba na mume wangu Masatu, mvuvi. Mwezi wa nne aliondoka na mtumbwi kwenda Musoma kuuza samaki wakavu na kututafutia sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa ya kusaka. Mtumbwi ulikutwa umepinduka. Yeye hakuonekana.

Aliyemtafuta kuliko wote ni Isidori, aliyekuwa akivua naye. Alizunguka visiwani mpaka wazee wakamwambia basi. Kwetu mtu wa ziwani asipoonekana huzikwa mgomba badala yake. Isidori ndiye aliyeukata na kuubeba. Tulilia, tukauzika nyumbani kwa wazazi wa Masatu, pale Kibara, na msalaba ukaandikwa jina lake. Mwaka 1990 padre alinifungisha ndoa na Isidori kwa kuwa mimi ni mjane. Binti yangu Euphrasia, niliyezaa na Masatu, humwita Isidori baba.

Mnamo tarehe 13/10/1993, Jumatano, majira ya mchana, nilikuwa sokoni Kibara. Duka la kanda lilikuwa linapiga kanda mpya ya Leonardi Burito, mwimbaji wa Butiama. Ni mkusanyiko wa nyimbo zake zilizopendwa. Zote ni za zamani isipokuwa mmoja, "Hamjambo wa Kwetu", na huo ndio wanaoupiga kutwa nzima ili watu wanunue, kwa sababu zile nyingine kila mtu ameshazirekodi redioni. Katikati magitaa yanapungua, Burito anasalimia watu kwa majina. Nikasikia, "Masatu wa Rukuba, nakuona ndugu yangu!"

Getruda, jirani yangu wa meza, aliacha kupanga samaki. Akasema, "Dada, si ndiye huyo tulimzikaga?"

Nilimjibu kuwa majina hufanana. Lakini kufikia jioni Kibara nzima ilikuwa inasema mimi nina waume wawili. Euphrasia alirudi kutoka kisimani analia. Nilimweleza Isidori. Alisema, "Twende tukamuulize huyo mwimbaji mwenyewe. Nimechoka kunong'onwa."

Jana, Jumapili tarehe 17/10/1993, tulifika hapa Bunda kwenye ukumbi ambamo Burito alikuwa anapiga dansi la mchana na kuuza kanda zake. Saa kumi hivi walipumzika. Tulimfuata jukwaani. Isidori alimsalimia vizuri, akauliza Masatu wa Rukuba ni yupi.

Burito akasema, "Yule mwenye kovu la ndoana kidevuni. Nilimkuta Mwanza mwezi wa sita. Siku hizi ana gari la barafu, anapelekaga sangara kiwandani. Mwenyewe aliniomba nimtaje."

Kovu hilo nalifahamu. Nilimuuliza, "Alisema umsalimie nani?"

Akasema, "Hapana, mama, hakusema. Alitaka tu watu wa kwao wasikie kwamba amepata."

Hapo Isidori alimpiga ngumi moja ya mdomo. Burito aliangukia ngoma, jino likatoka. Ndugu zangu wameniambia niseme nilikuwa nimegeukia kando. Sikugeuka. Isidori alimpiga, nilimwona, na Burito hakuwa amemkosea neno.

Isidori hakukimbia. Alikaa chini, akawa anasema, "Nilimbeba kwa mikono yangu." Burito alishika mdomo, akasema, "Mimi sikujua, jamani. Wimbo wenyewe ni wa kuuzia kanda tu." Namwonea huruma na yeye. Askari walikuja wakamchukua Isidori.

Nimechoka, afande. Nililia nikamaliza, na sasa naambiwa nilie upya kwa sababu mtu anauza kanda. Kuwa hai kwa Masatu hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba Mwanza si mbali. Wimbo umefika, yeye hakufika. Hakuuliza hata kama mtoto anasoma. Watu wanasema ndoa yangu imevunjika na padre ataniita. Aniite.

Ulipoanza uliniuliza nimeolewa na nani, nikakuomba usubiri. Sasa andika. Mume wangu ni Isidori, huyo mliyemweka ndani, na kosa lake nimelisema. Masatu nilimzika. Kama hilo kaburi halimfai, aje alifukue mwenyewe.

Sina la kuongeza wala la kupunguza katika maelezo haya. Nimesomewa, nimesikia ni yangu.

Sahihi: M. Magesa

Mimi D/Koplo Felisian nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa usahihi, kama shahidi alivyoyatoa mbele yangu. Hali ya ndoa: ameolewa. Mume: Isidori, mtuhumiwa, yuko mahabusu. Shahidi ameomba ampelekee uji. Ameruhusiwa.