Wameniaga Wote, na Bado Nimo Ndani

Dada Kothai, mshauri wa wengi, nisaidie na mimi, ingawa mimi si mtu wa kusaidiwa, kwani hapa Kumbakonam wote wanajua nilivyomburuta mamba kwa mkia kutoka mto Kaveri akalia kama mbuzi. Mke wangu alifariki, mwanangu Ilango yuko Chennai, na aliponunua nyumba ghorofani nikatangaza mtaa mzima kwamba nashifti, na kwetu neno hilo la Kiingereza si mchezo, maana aliyefukuzwa na mwenye nyumba huhama, aliyefanikiwa hushifti. Jirani yangu Pechiammal akaniuliza, "Kaka Manikkam, kwani mwanao amekuita?" Nikamjibu, "We mama, mfalme huitwa? Lifti ya huko inanisubiri mlango wazi!" Wakacheka, wakanipikia wali mtamu wa kuniaga, na mimi nikampa Pechiammal hata mrehani aliouacha marehemu.

Sasa wiki iliyopita Ilango kanitumia picha, maziwa ya kufungulia nyumba mpya yameshachemshwa yakafurika, wakwe zake wamelizunguka jiko wanacheka, na mimi baba mzazi sikuitwa, na dada, asiyeitwa kwenye maziwa hana chumba humo. Tangu hapo nimejifungia ndani, watu wadhani nimeshashifti, wali nakula na mtindi mtupu, haradali sikaangi isije harufu ikanisaliti, naongea na feni. Ajabu moja, kila asubuhi nikichungulia nakuta maua ya unga wa mchele yamechorwa mlangoni pangu. Nadhani ni Lakshmi mwenyewe, mungu wetu wa kike wa neema, anawajua watu wakubwa. Je, nitoroke? Niende wapi?

Manikkam

*

Kaka Manikkam,

Pole. Maziwa yale yanauma, na mwanao amekosa. Mpigie umwambie, "Nilitaka kuitwa." Hayo tu, mamba mwache mtoni.

Lakini nawe umezidi! Hashifti mtu ambaye hajapewa ufunguo. Na Lakshmi gani huyo? Umezeekea Kumbakonam, hujui kwamba hakuna mwanamke anayeinama alfajiri kuchora unga mbele ya nyumba isiyo na mtu? Pechiammal anajua umo. Wote wanajua, wanakusitiri tu.

Kesho fungua madirisha. Kaanga haradali mpaka mtaa upige chafya. Kisha bandika maziwa kwenye jiko lako lilelile, mwite Pechiammal na wenzake, uyaache yafurike mbele yao. Wakiuliza mbona hukwenda, usiwatungie kitu. Sema, "Sikuitwa." Halafu wamiminie.