Milima ya Mama kwenye Sweta ya Ndinda

Nakuru

Mdogo wangu Mwende,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Baba anaendeleaje na kile kikohozi? Shemeji Mutua, mguu umepona? Shangazi bado anapigana na kuku wa jirani? Na Ndinda wangu niliyekuachia umlee, msalimie wa kwanza ingawa nimemwandika wa mwisho. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwa meno.

Picha nimepata. Ndinda amekuwa mrefu, tena amebeba kiondo chenye ile nakshi ya milima aliyokuwa akisuka marehemu mama. Nikasoma barua yake: "Mama amenisukia kiondo cha shule." Nikafurahi, halafu nikajiuliza, nimesuka lini? Kumbe mama ni wewe. Mwende, sitakuficha, nilikuonea wivu.

Unajua nafuma sweta kwa duka la Wahindi, na mwenye duka, Mama Gurdip, ndiye alinifundisha sindano mbili. Nikasema, hata mimi nitamfumia Ndinda sweta ya kanisa, yenye milima iyo hiyo. Akiivaa, hicho kiondo nani atakiangalia?

Mama Gurdip ana karatasi ya miraba midogo. Kila mraba ni kitanzi kimoja cha uzi, ukitia alama hapo ni rangi nyekundu. Nikachora milima vile tunasuka, nikafuma wiki nzima nikiringa. Kutandaza, hakuna mlima! Ni meno ya msumeno tu.

Mama Gurdip alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Ndinda, hii hapana kikapu! Kikapu nazunguka tu. Sweta naenda, narudi. Kama mkono narudi, soma karatasi pia narudi!"

Ni kweli. Kiondo unaanza kitakoni, unazunguka upande mmoja mpaka mdomoni, hugeuki. Sweta kila mstari unageuza unarudi ulikotoka, na mimi nilikuwa nasoma karatasi kutoka kulia tu, kila mstari. Lakini sweta ina huruma. Ukikosea unavuta uzi, inafumuka. Kiondo ukikosea, utabeba kosa lako mpaka sokoni. Basi nikafumua yote, nikaanza tena.

Sasa kwenda na kurudi najua, lakini nimekwama. Sikumbuki mlima wa mama unapanda mistari mingapi kabla ya kushuka, ule wa kwanza niliukisia tu. Mimi, kifungua mimba, niliyekushika vidole ukijifunza kusuka! Kwa picha haihesabiki, nimeangalia mpaka macho yanauma.

Kwa hivyo nakuomba, na kukuomba wewe kunaniuma. Usihesabu mwenyewe. Mpe Ndinda kiondo, aweke kidole mstari kwa mstari, aandike kwa mkono wake. Akiuliza hesabu ni ya nani, mwambie ni ya mama. Halafu uniambie kama alikuuliza mama gani. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Kiondo ni kizuri. Imebidi niseme.

Mwambie baba asilale na shati lenye unyevu. Shangazi awaache kuku wa watu. Shemeji nitamtafutia soksi.

Jibu upesi, Mwende. Sweta iko kwa sindano, siwezi kusonga hata mstari mmoja mpaka nisikie kutoka kwenu.

Ni mimi dada yako,
mama yake Ndinda