Mgeni kutoka Hiroshima

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Lenah, msimamizi wa ukumbi wa Shauri Moyo, kapiga simu. Jumatano anakuja mama wa Kijapani, Bi. Fumie. Bomu la Hiroshima lilimkuta ana miaka sita. Lenah anataka nitafsiri. Kwa nini mimi? "Wewe mwalimu. Halafu hulii ovyo, Ayuma." Haya.

Jumatano, 6 Agosti
Watu walijaa! Bi. Fumie ni mdogo wa umbo, kama mtoto wa darasa la nne. Kiingereza cha polepole. Kila sentensi anasimama, ananingoja.

Asubuhi ile mama yake alikuwa ameenda kazini mjini. Jioni mtu akafika mlangoni — uso umevimba, macho hayaonekani, ngozi ya mikono inaning'inia. Akaita, "Fumie." Mtoto akatoroka, akajificha nyuma ya tangi la maji. Kumbe ni mama yake. Alikufa siku ya pili.

Nikasema kwenye maiki: "Nilimkimbia mama yangu." Mwanamke mmoja nyuma akaangua kilio. Mimi — hakuna chozi. Nikapitia sokoni, nikanunua sukuma. Nikapika. Nikala.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefua. Bado hakuna.

Ijumaa, 8 Agosti
Lenah na mdomo wake! Kamwambia mgeni kwamba Babu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, alipigana na Wajapani huko Bama, yaani Burma. Sasa Bi. Fumie anataka kumsalimia. Babu ana miaka tisini na tisa. Nikamwambia. Akaomba nimpigie pasi koti.

Jumamosi, 9 Agosti
Bi. Fumie amefika hapa kwetu Ziwani saa nne. Babu akasimama mwenyewe. Wakashikana mikono muda mrefu. Babu akasema pole, nikatafsiri. Bi. Fumie akashukuru.

Kisha Babu: "Mwambie Agosti ile tulikuwa India, kambini. Afisa akasema bomu moja limemaliza mji mzima, vita vinaisha, mtarudi kwenu. Tukacheza. Wimbo nilianzisha mimi."

Hajawahi kutuambia hilo. Hata siku moja.

"Babu, hiyo tuiache."

"Nife nayo? Mwambie. Usipunguze."

Bi. Fumie ananitazama. Ananingoja.

Nikasema naenda kuangalia chai. Niko jikoni, naandika. Chai ilishachemka zamani, nimezima. Sebuleni kiti kimesogezwa. Ni Bi. Fumie, anakuja mlangoni. Anauliza taratibu, mzee amesema nini.