Magauni Yaliyorudi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na wifi yangu hajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unabisha kwamba si kikohozi? Sisi huku miili mizima. Mengine utayasoma mwenyewe.

Umeniandikia kwamba mnataka kufungua duka la mtandaoni, na mimi mwenye miaka tisa kwenye kazi hiyo niwape siri. Nilicheka. Duka unaloliona kwenye simu yako limebaki picha tu.

Haya, yatakayokufaa ni haya. Usiandike nguo ndogo wala kubwa. Shika futi ya fundi, uandike kifua, kiuno na urefu. Mteja akikutukana, weka simu chini, kaoshe vyombo, ndipo ujibu. Mimi nilimjibu mmoja kwa hasira, na hadi leo watu wanatumiana maneno yangu. Na usiuze kazi ya leo kwa picha ya zamani. Hapo ndipo nilipoharibu.

Unayakumbuka magauni aliyoshona Mama mwaka wa kwanza wa duka, yale ya kola ya duara? Niliyapiga picha hapa dirishani, na picha hizo ndizo zilizoko dukani mpaka leo. Miaka miwili iliyopita macho ya Mama yalianza kufifia. Mshono ukaenda upande, mikono ya gauni ikapishana urefu. Niliona, lakini ningemwambiaje? Tangu Baba atutoke, cherehani ndiyo inayomtoa kitandani. Nikaendelea kutuma, wateja wakaendelea kurudisha. Siku hizi mpeleka mizigo akija haulizi kama nina wa kutuma. Ananikabidhi tu na kuondoka.

Yanayorudi nayaficha kwenye kabati la chumba chako cha zamani. Mama akiuliza, namwambia mteja amelipenda, ameshukuru sana. Uongo huo umenikaa mdomoni kama salamu, na unaniuma.

Siku ya Jumanne Mama aliingia humo kutafuta shuka. Nilimkuta amekaa kitandani, kabati wazi, gauni moja mapajani, anapapasa mshono kwa kidole gumba.

"Hili kashona nani?"

Nikamwambia ni la fundi mwingine, nimeletewa nilitazame. Sijui uongo huo niliutoa wapi.

Akalikunja taratibu, kona kwa kona. "Mwambie huyo mwenzangu apumzike," akasema. "Ila umwambie kwa upole. Pengine hana kingine cha kufanya."

Mdogo wangu, sijui kama amejua, na sina ujasiri wa kumuuliza. Duka nitalifunga mwisho wa mwezi. Hakuna tena cha kuokoa, usihangaike kunitia moyo. Wewe usiache kazi yako.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao hajawasahau. Mama anakusalimu. Mungu awafunike popote mlipo, awape ninyi wepesi tulioukosa sisi.

Ni mimi nikupendaye tangu nikubebe mgongoni,
Dada yako.

Nilisahau: tangu Jumanne Mama hajagusa cherehani. Ameifunika kwa lile shuka aliloenda kutafuta. Leo asubuhi kaniuliza kama yule fundi nilimwambia, na alipokeaje. Nimemjibu kwamba alishukuru sana.