Springi za Mbele Kwanza

Kwa Arvid, mjukuu wangu mkaidi,

Jirani yetu Rautio amenisomea barua yako, na vitu ulivyoichagulia pikapu mpya unayotaka kuagiza. Viti vya ngozi, dari la kioo, rimu za kumeta. Unakwenda kuoa au kusukuma theluji?

Jembe la theluji, lile bamba zito la kuisukumia, huning'inia puani mwa gari. Bila springi nene za mbele, pua itachimba ardhi kama nguruwe. Chukua hizo, na alteneta kubwa, itoe umeme wa kutosha jembe na taa. Ngozi ya nini, nawe utapanda na buti zilizolowa?

Huku salama. Rautio bado anashika koleo kuzoa theluji, kwa uzee wote ule. Nikamwambia, "Liweke chini, mzee! Ukifa baridi hii, ardhi imeganda, utangoja kaburi mpaka Mei." Akanijibu, "Na wewe nani atakusomea barua?"

Basi ujue. Daktari amenikataza kuendesha gari, ni macho, anadai, hivyo siwezi tena kusafisha njia za majirani. Na njia niliyokuwa nikianza nayo kila mara ni ya mjane Kangas, mwenye figo mbovu, anayekwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Theluji ikimfungia ndani, anakufa.

Dari lako la kioo litachelewesha gari mpaka Machi. Gari la kazi, lenye springi nene, lipo kwa muuzaji sasa hivi. Njoo nalo wiki hii. Nitakaa kando yako. Mitaro iliyofunikwa na theluji naijua yote bila kuiona.

Ni mimi bibi yako, ninayekugombeza kwa kuwa nakutegemea,
Lempi