Apisai Ameuweka Chini Ufunguo wa Basi

Kijiji cha Navuwai,
Taveuni, Fiji.
Jumapili, 12 Juni 1994.

Mpendwa shemeji Waisale,

Salamu nyingi zivuke bahari zikufikie huko jangwani Australia, kwenye mgodi wenu. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua kwa ajili ya vumbi kimepona? Sisi huku tunapumua. Mvua haijatuonea huruma, njia ya kisimani imekuwa tope tupu, ila magimbi yamestawi. Mama anakula, anatembea, na bado anagombana na kuku wa jirani, basi ujue ni mzima.

Nimeandika mimi badala ya kaka yako. Usishtuke. Apisai yu hai, na sasa hivi yuko nje anachonga mpini wa shoka. Lakini habari niliyo nayo si ya kusema kwenye simu ya posta, watu wa foleni wakinisikiliza kama ibada. Kaa chini kwanza, uisome polepole.

Ilianza mwanzoni mwa mwaka. Akamwita binti yetu Vika kwa jina la dada yenu. Hilo kila mzazi hulifanya, sikulijali. Kisha akaacha ufunguo wa basi ndani ya pipa la mchele, akatutafutisha nyumba nzima. Kisha kanisani, katikati ya wimbo ambao ameuimba sauti ya nne tangu ndevu hazijaota, akanyamaza. Watu walidhani amekabwa na kohozi. Mimi niliyaona macho yake. Alikuwa amepotelewa na maneno.

Nilipomuuliza alifoka. "Mwanamke, nimechoka! Mtu haruhusiwi kuchoka?" Tangu hapo nikafunga mdomo, lakini nikafungua masikio.

Asubuhi moja, kabla hajaenda kuliwasha basi, nilimsikia jikoni peke yake akinong'ona. Nilifikiri anasali. Nikasogea mlangoni. Alikuwa anataja vituo vyake vya basi, kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayekariri somo asichapwe. Akifika katikati anakwama, anaanza upya. Shemeji, mtu huyo ameiendesha barabara ile tangu hatujaoana. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani.

Wewe unajua nilichokifikiria, maana na wewe utakuwa umekifikiria tayari. Baba yenu. Unakumbuka mwisho wake ulivyokuwa, alivyopotea kwenye shamba alilolilima mwenyewe, alivyomuuliza Mama, "Huyu mama wa watu ametoka wapi, na mbona hampi mtu chai?" Apisai alikuwa anayakumbuka hayo kila saa, ila hakuyatamka.

Badala ya kuyatamka aliyanywea yaqona, ile mizizi yetu ya kulegeza mwili. Si kwamba zamani alikuwa hanywi. Mwanamume gani wa hapa hanywi? Lakini sasa akiegesha basi tu, anakwenda kwenye kibanda cha akina Tomasi, na kifuu kinazunguka mpaka jogoo wanawika. Anarudi, anajilaza kidogo, anaamka. Chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, biskuti mkononi, huyo kaondoka. Mchana hali. Maji hanywi, eti hakuna pa kusimamisha basi ajisaidie. Jioni kibandani tena. Ngozi ilianza kumbabuka kama gamba la samaki, macho mekundu.

Siku moja nikamwambia wazi. "Apisai, hicho kifuu kitakumaliza."

Akanijibu kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali wake. "Nikilala mapema ninakesha nikiwaza, Makereta. Namwona baba. Nikinywa, angalau siwazi."

Nikamwomba apumzike kuendesha. Akasema akipumzika watajua. Nani atajua, nikamuuliza. "Wote," akasema, akageukia ukutani.

Sasa nikuambie siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imekesha ikinyesha. Nilipanda basi lake na mafungu yangu ya magimbi kwenda sokoni. Viti vimejaa, wanafunzi wamebanana nyuma, madirisha yameteremshwa maturubai. Unaujua ule mteremko unaoshuka kwenye daraja la mbao, mlima upande mmoja na upande mwingine bahari inanguruma chini. Juu ya mteremko Apisai akasimamisha basi.

Hakuna aliyekuwa anapanda wala kushuka. Tukangoja. Bibi Losalini, yule wa meno mawili, akaanza: "Dereva, unangoja mto uje ukusalimie?" Basi zima likacheka. "Mwacheni," akadakia mwingine, "jana kifuu kilimshinda nguvu!" Wakacheka zaidi.

Nilikuwa kiti cha mbele. Niliuona uso wake kwenye kioo, haukuwa na mtu ndani. Akainama kwangu kidogo, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Makereta, tunakwenda au tunarudi?"

Sijajibu, basi likaanza kuteleza. Hakuwa amevuta breki ya mkono. Nilimwona akikanyaga, na basi badala ya kupungua likaongeza mwendo. Mguu ulikuwa umekanyaga pengine. Watoto wakapiga kelele. Magimbi yangu yakabingirika mpaka miguuni kwake. Daraja lilikuwa linatujia, na maji yamefika kwenye mbao. Nikampigia yowe, "Mlimani, Apisai! Mlimani!"

Sijui sauti yangu ilimkuta wapi, lakini ilimkuta. Alizungusha usukani wote, basi likajibamiza ubavu kwenye udongo wa mlima, likakwaruza, likalala upande nusu, likasimama. Kukawa kimya, mvua tu. Halafu mtoto mmoja akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu, maana mfu halii. Bibi Losalini alichubuka paji la uso, msichana mmoja aliteguka kifundo. Wengine Mungu aliwafunika.

Apisai alizima injini. Alishuka, akawashusha watoto mmoja mmoja kwa mikono yake. Kisha akanijia palepale kwenye mvua, mbele ya watu wote, akaniwekea ufunguo kiganjani. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kichwa changu si kizima. Nilijua, nikanyamaza. Nisameheni." Akapiga magoti kwenye tope, kama mtu anayeomba toba kwa mila zetu.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Losalini ndiye aliyemsogelea, damu inamtiririka, akamshika kichwa. "Inuka, mwanangu," akamwambia. "Utapata homa bure."

Tulikwenda zahanati siku iyo hiyo kwa lori la nazi. Nesi Unaisi alimkalisha, akaanza maswali. Mara ya mwisho kulala usingizi kamili ni lini? "Krismasi, nadhani." Asubuhi unakula nini? "Biskuti." Maji unakunywa? Apisai akasema yaqona inachanganywa na maji. "Na bahari nayo si maji?" nesi akamuuliza. "Mbona huinywi?"

Hakumdanganya. Alisema, "Siwezi kukuambia kwamba huu si ugonjwa wa baba yako. Siwezi kukuambia kwamba ndio. Kichwa ulichokinyima usingizi, chakula na maji hakisomeki. Kilishe kwanza, kipumzishe, ndipo tukitazame." Akamtoa damu ipelekwe hospitali kubwa ng'ambo, na mpaka majibu yarudi akampa amri zake: yaqona basi kabisa, alale giza likiingia vizuri, asubuhi ale chakula cha kweli, anywe maji hata kama hana kiu, atembee jua likichomoza, na asijifungie, azungumze na watu, aimbe.

Kusikia ni rahisi. Kuyaishi, shemeji, ilikuwa vita. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga, mikono inatetemeka, kila neno langu lilikuwa kosa. Mimi nilipika asubuhi samaki na majani ya magimbi kwa tui, yeye anasukuma sahani. Nilikaa nayo mbele yake mpaka anakula. Nikimpa maji ananitazama kama nimempa sumu.

Na wenzake hawakumwacha. Jioni wanapita uani wakipaza sauti: "Apisai! Umeolewa siku hizi? Mwenye nyumba hakuruhusu kutoka?" Jioni moja nikatoka na mwiko mkononi. "Ndiyo, nimemwoa mimi! Na bado nina nafasi ya mke wa pili, nani anakuja?" Walitawanyika wanacheka. Nikageuka, nikamkuta Apisai naye anacheka, ameshika tumbo. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mwaka uanze. Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikafuta machozi kwa kitambaa cha mezani.

Alfajiri tukawa tunatembea pamoja mpaka shambani. Baadaye akaanza kuimba sauti ya nne, mimi namwimbia ya kwanza. Lakini usidhani ilinyooka moja kwa moja. Siku moja alibandika sufuria motoni akaisahau, ikaungua mpaka tako, na nilimkuta amekaa sakafuni ameikumbatia. "Ndiyo hivyo," akasema. "Imeshaanza. Usinidanganye." Nilikaa naye sakafuni mpaka Mama akaja akauliza nani ameiua sufuria yake.

Majibu yalikuja na daktari wa ile hospitali mwenyewe, alipopita na boti. Damu ya Apisai ni pungufu, na sukari imepanda kiasi cha kuonya. Dawa amepewa. Daktari alimzungumzisha muda mrefu, akamwuliza mambo ya jana na ya zamani, akamchoresha saa na nyumba. Mwishoni akasema akili iliyochakazwa na uchovu hurudi ikitunzwa, na hii inarudi. Ile ya baba yenu haikuwa ikirudi. Ila kila mwaka apimwe, na asijisahau. Hakutuapia. Tulimshukuru hivyo hivyo.

Juzi mwenye basi alikuja na ufunguo. Amelitengeneza, anamtaka dereva wake. Apisai aliutazama ule ufunguo, akausukuma nyuma juu ya mkeka kwa adabu. "Bado," akasema. "Siku mke wangu atakapompandisha Vika kwenye basi langu bila kuniangalia usoni kwanza, siku hiyo njoo." Mwenye basi akanitazama. Nikainamisha macho, maana kweli siku hiyo bado haijafika.

Sasa, shemeji, nakuja kwako, na hili Apisai hajui kama naliandika. Siku ya Pasaka ulipopiga simu uliniuliza Mama anaendeleaje. Nikakujibu. Tukaongea habari za kimbunga, tukataniana. Kisha ukaniuliza tena, Mama anaendeleaje, kwa sauti ile ile, kama mtu ambaye hakuwa ameuliza. Nikadhani ni laini mbaya. Tangu siku ya daraja nimekuwa nikiirudia simu ile kichwani, na laini haikuwa mbaya. Nilikuwa nakusikia vizuri.

Unaendesha malori makubwa usiku, mchana unalala kwenye chumba cha bati kinachochemka. Uliniambia mwenyewe chakula chako ni mkate na soda za mashine. Waisale, nakuomba kwa haki ya ushemeji, usinijibu kwa mzaha safari hii. Nenda kwa daktari wiki unayopokea barua hii. Omba zamu ya mchana. Kunywa maji. Lala. Na kama siku moja umesimama njiani hujui unakwenda au unarudi, shuka kwenye lori, hata kama wote wanatazama. Hakuna atakayekucheka nyumbani.

Mama anakubariki na anasema uvae soksi. Vika anakusalimu, dada yako vilevile, na Bibi Losalini anasema kovu limempendeza, umletee mchumba wa Kiaustralia. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mzito na akili nyepesi.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ninayengoja jibu,

Makereta