Vazi la Kihara

Jumanne, 2 Oktoba 2007
Kihara amekuja Waithaka na fulana zenye sura yake. Anataka udiwani. Jumamosi anatawazwa mzee kule Kinoo, na mkubwa wa nyumba yetu ni mimi — mikono yangu ndiyo itamvisha vazi. "Anko, ukikataa watasema umenilaani." Mtoto wa marehemu ndugu yangu! Nikakubali.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimetoka River Road, kwa Muthama, fundi wa ngozi anayeshona hilo vazi. 
Ni mondo! Ngozi tatu za mondo. Muthama anaapa kaletewa paka wa porini tu. Paka gani ana madoa hayo? Mondo ana miguu mirefu na masikio makubwa. Husimama nyasini akimsikiliza panya asiyemwona, kisha huruka. Miaka ishirini na sita, nikiwa askari wa wanyamapori, niliwahesabu Nyandarua, juu ya ukanda wa mianzi, ambako umande huganda. Mwaka wa kwanza, kumi na tisa katika bonde letu. Wa mwisho, wanne.
Nikaigeuza ngozi ya kati. Chuchu zimevimba, manyoya yamelika kuzizunguka. Alikuwa ananyonyesha! Nikamuuliza Muthama: imeletwa lini? Wiki tatu zilizopita, akajibu. Basi watoto nao walishakufa, kwa njaa.
"Mzee, mimi ni kushona tu. Sijaua mtu."

Ijumaa, 5 Oktoba
Ofisini kwa Kihara, Hurlingham. Nikamweleza polepole: babu yake alivaa ngozi ya mbuzi. Ya mzee hutoka zizini mwake, haiibiwi msituni. Akacheka.
"Anko, mbuzi kwa gazeti itakaa kama kapeti!"
Tena eti ni paka, si chui — nani atajua?
Mimi najua, mpumbavu wewe! Lakini sikusema. Nilisema nitafikiria. Nitafikiria! Uoga wangu unanichukiza kuliko kicheko chake.
Mke wangu, Nyakio, anashauri niugue mgongo. Hapana. Atavishwa na mwingine, na watu watapiga makofi.

Jumamosi, 6 Oktoba
Kinoo. Naandikia magotini, wanadhani ni hotuba. Hema limejaa. Pasta anaomba, anaomba, hamalizi. Vazi nimeshapewa, liko mapajani. Kidole changu kimezipata zile chuchu.
Amina.
Naitwa. Kihara kashapiga magoti, ananikonyeza! Nyakio amenishika koti kwa nyuma; anajua ninachotaka kusema.
Maikrofoni iko hatua nne tu —